Juma la Noeli Ambalo Jiko Langu Halikutoa Moshi

Ndugu zangu, Bwana wetu apewe sifa humu ndani na huko nje pia, kwenu ninyi mliokosa viti mkakaa chini ya turubai. Ninawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Wanaonijua wananiita Mama Furaha, kwa jina la binti yangu. Kwa wasionijua, mimi ni mjane, mzaliwa wa vilima vya Djugu. Nilikimbilia Bunia zamani, nikiwa na mume wangu na mtoto mgongoni, na nimekaa hapa muda mrefu hata wajukuu zangu wanafikiri nilizaliwa hapa. Kwa miaka mingi nimewafundisha wamama wa kanisa hili kusoma Neno. Mchungaji ameniomba nisiseme kwa urefu. Nitajaribu, lakini anajua ameomba jambo gumu kwa mtu wa umri wangu.

Nimesimama kumshukuru Mungu kwa sababu mwaka ule wa korona, katika juma la Noeli, ilibaki kidogo nife peke yangu nyuma ya mlango nilioufunga mimi mwenyewe. Hakuna mtu aliyejua kwamba niko ndani. Sikilizeni jinsi Bwana alivyonitoa.

Kwanza niwaambie Noeli ilikuwaje nyumbani kwangu kabla ya hapo. Binti yangu Furaha aliolewa Tchomia, kule ziwani. Mume wake anauza samaki wa kukaushwa. Kila mwaka, Noeli ikikaribia, walikuwa wanapanda lori na watoto wao, wanapita Bogoro, wanafika kwangu wamejaa vumbi na harufu ya samaki. Nyumba yangu ina vyumba viwili vidogo. Tulilala kama maharagi ndani ya gunia. Tulipika wali na samaki, tulienda kanisani pamoja, tulikaa mpaka Bonana, mwaka mpya, ipite, ndipo wanarudi. Wakisha kuondoka nilikuwa ninaacha mikeka yao chini siku kadhaa kabla ya kuikunja. Wamama wenzangu mnanielewa.

Sasa niwaambie juu ya jirani yangu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa matete tu. Tunamwita Mama Mapenzi. Kwa umri angeweza kuwa binti yangu. Kabila lake na kabila langu ni yale mawili mnayoyajua. Sitayataja katika nyumba ya Mungu, na hamna haja niyataje. Mume wake anabeba watu kwa pikipiki. Wana watoto wanne, na yule mdogo kabisa ana pumu.

Mimi huamka mapema kuomba, na nikimaliza kuomba ninawasha moto. Jiko langu ndilo linalotangulia kutoa moshi kwenye avenyi yetu, yaani mtaa wetu. Kwa hiyo Mama Mapenzi huja na kigae chake, anapiga hodi, anasema, "Mama Furaha, unipe moto." Ninamjibu, "Chukua, usimalize." Anaweka makaa mawili matatu kwenye kigae, anaondoka. Kwa muda mrefu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Mambo yaliyotokea kati ya watu wetu na watu wao yalikuwa yamekaa katikati ya ule ua, na hakuna kati yetu aliyejua namna ya kuyasogeza. Lakini moto alikuja kuomba kila asubuhi. Ninyi mliokulia vijijini mnajua kwamba moto hauombwi kwa adui. Ukichukua kaa kutoka jiko la mtu, ni kama umekula naye.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa mji mwingine hawezi kulielewa mpaka aelezwe. Hapa Bunia, katika ile miaka ya vita kubwa, hatukungoja kusikia bunduki ili tujue kwamba mambo yameharibika. Tuliangalia majiko ya majirani. Kila upande ulikuwa na watu wa kuuonya. Kama watu wa upande wa jirani yako wanakuja kushambulia kesho, jirani yako anaambiwa leo, anabeba watoto wake anaondoka kimya. Wewe unaamka, unaona nyumba yake imefungwa, jiko halitoi moshi, unaelewa. Unashika mkono wa mtoto, unaacha vyote. Waliosema, "Labda wamelala tu," wengi wao hatunao leo. Macho yetu yalifundishwa hivyo, na yale ambayo macho yamefundishwa kwa hofu hayasahauliki upesi.

Basi ikaja korona. Sherehe zikakatazwa. Tukaambiwa tuvae barakoa, tunawe mikono, na wazee tukae mbali na watu. Wakati huohuo vilimani kwetu watu walikuwa wanakimbia tena, wanaingia mjini na magodoro vichwani, wanabanana kambini. Nani angewaambia hao wakae mbalimbali? Barabara zikawa za kubahatisha. Leo gari linapita, kesho linachomwa.

Furaha akanipigia simu. Miezi michache kabla yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wakampa jina langu. Nilikuwa sijamwona.

"Mama, siye tunakuja," akasema. "Lori iko. Wanasema njia ya Bogoro iko muzuri leo."

"Leo haiko Noeli," nikamjibu.

"Mama, mutoto utamuona lini?"

"Nitamuona akiwa muzima. Mukae kwenu. Noeli itarudi mwaka ujao. Weye wakikuua njiani, hautarudi."

Akaniuliza kama nina chumvi na mafuta, kama nina makaa ya kutosha, maswali ya mtu asiyetaka kukata simu. Nikamwambia nina kila kitu. Nilipoweka simu chini niliangalia ile mikeka imeegemezwa ukutani, nikajiambia, "Mzee, mwaka huu utaimba peke yako."

Nikaona nimefanya vizuri. Na kweli nilifanya vizuri, siwezi kulijutia hilo.

Siku chache kabla ya Noeli nikaanza kukohoa. Mwanzoni nilidhani ni vumbi la kiangazi. Kisha homa ikapanda, mifupa ikauma, kifua kikawa kama mtu amekikalia. Redio ilikuwa inasema kila siku kwamba mwenye kukohoa ajitenge. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kutii. Na tena niwaambie ukweli, niliogopa lile neno. Nilikumbuka wakati wa Ebola, gari lilipokuja kumchukua mama mmoja wa avenyi ya juu. Alirudi mzima, Mungu ni mwema. Lakini alipoweka mihogo yake sokoni, watu walipita wakaenda kununua kwa mwingine, mpaka akaacha kuuza. Sikutaka avenyi yangu iniangalie vile.

Zaidi ya yote nilimfikiria yule mtoto wa pumu. Nikawaza hivi: nikiwasha moto, Mama Mapenzi ataona moshi, atakuja. Akija, atabeba makaa pamoja na kikohozi changu, atampelekea mtoto. Nisipowasha, ataomba moto kwingine. Kwa hiyo nikaliacha jiko lipoe. Nikafunga dirisha. Nikaweka komeo la mlango kwa ndani, nikajifunika vikwembe vyangu vyote, nikalala.

Sikumwambia mtu. Simu yangu ilizimika, na kwa kawaida ninaichajisha kwenye duka la pembeni ambako nisingeweza kufika. Niliposikia hodi asubuhi ile ya kwanza, nilibana kikohozi kwenye mto mpaka machozi yakatoka. Nikasikia Mama Mapenzi anasimama, anangoja, anaondoka. Nikasema moyoni, "Bwana, asante, mtoto amepona." Mnaona? Nilidhani ninampenda jirani, na kweli nilimpenda. Lakini nilimpenda nikiwa nimefunga mlango, na upendo wa namna hiyo mtu wa nje hauoni. Yeye aliona jiko baridi.

Siku iliyofuata sikuweza tena kunyanyuka. Maji ya kunywa yalikuwa upande wa pili wa chumba, nami niliyaangalia kama mtu anavyoangalia ziwa kutoka mlimani. Asubuhi hiyo nikasikia kelele nje.

Ndugu zangu, mtu aliyewahi kukimbia anazijua kelele zile hata akiwa na homa. Zinaanza na miguu mingi. Kisha mbuzi analia kwa kuvutwa kamba. Kisha sufuria zinagongana, mlango unafungwa kwa nguvu, mtoto anapigwa kofi anyamaze.

"Beba ile ndogo, kubwa acha!"

"Nani amesema wanakuja?"

"Weye unauliza nani? Hauone batu wanaenda?"

"Na mimi ninaenda, lakini ninauliza."

"Uliza ukitembea!"

Nikaelewa kwamba vita vimeingia. Nikajaribu kusimama. Nilifika nusu ya chumba kwa kutambaa, mikono ikakataa, nikalala kifudifudi kwenye sakafu karibu na mlango. Komeo lilikuwa juu yangu, nami sikuweza kulifikia. Nikajaribu kuita. Sauti haikutoka, ilitoka pumzi tu. Nje miguu ikapungua. Nikasikia avenyi inakuwa kimya, na ule ukimya nilikuwa ninaujua. Ndio ukimya unaokuja kabla yao.

Mimi niliyewafundisha wamama kuomba, siku ile sikupata maneno. Zaburi nilizozikariri tangu utoto zilinikimbia kama watu wa avenyi. Nilisema tu, "Bwana, Furaha na watoto wake uwalinde. Yule mdogo umwambie nilitaka kumwona." Kisha nikaweka shavu langu sakafuni, maana ilikuwa baridi na ilinipa nafuu, nikangoja. Sikungoja msaada tena. Nilikuwa ninangoja kifo, na sikujua tu kitaingia kwa homa au kwa mlango.

Sasa sikilizeni Mungu wetu alivyo.

Nikasikia hatua zinarudi. Hatua za mtu mmoja, nzito, za haraka. Zikasimama mbele ya mlango wangu. Nikafikiri, ndio hawa. Halafu nikasikia sauti ya Mama Mapenzi, na sijawahi kumsikia mtu mwenye hasira kama ile.

"Mama Furaha! Weye muntu mubaya! Miaka yote hii ninakula moto yako. Mutoto yangu iko anakuita Koko, kama bibi yake. Leo watu yako wanakuambia vita inakuja, unaenda kimya kimya kama mwizi, unaniacha na batoto wane? Ungegonga hata ukuta! Ungetupa hata jiwe ku mabati yangu! Ile Mungu unaomba kila asubuhi, unamuombaka nini?"

Ndugu zangu, alikuwa anaigombeza nyumba tupu. Alikuwa amekwisha kufika mwisho wa avenyi pamoja na wengine, mume wake akiwa mbele na watoto juu ya pikipiki, lakini uchungu ulimzidi. Akamwambia mume wake amngoje, akarudi kunitukana. Alijua kwamba sipo, lakini asingeweza kuondoka na maneno yale kifuani. Akaupiga mlango teke.

Nami nikakohoa.

Teke la pili halikuja.

"Nani?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ni mimi."

"Weye nani?"

"Mama Furaha."

"Mama Furaha amekimbia."

"Hapana. Niko hapa chini."

Akafikiri kidogo. "Unafanya nini hapo chini?"

"Ninagonjwa."

"Na vita?"

"Mimi ndiyo ninataka kukuuliza weye juu ya vita."

"Siye tunakimbia sababu weye ulikimbia!" akapaza sauti. "Jiko yako tangu jana haina moshi. Mulango imefungwa. Mimi nikawaambia batu, muzee huyu amekimbia vita mara ngapi, hawezi kwenda bure. Sasa avenyi yote iko njiani!"

Hata pale sakafuni, ndugu zangu, nilitaka kucheka, lakini kifua hakikukubali. Mnaelewa jambo lilivyokuwa? Mimi nilizima moto ili kumlinda mtoto wake. Yeye akausoma ule moto uliozimwa kama alivyofundishwa na vita: kwamba nimeonywa na watu wangu, nikamwacha afe. Akaogopa, akawaambia wengine. Wengine wakaogopa kwa sababu yeye ameogopa. Nami nikasikia miguu yao, nikaogopa kwa sababu wao wameogopa. Hapakuwa na bunduki hata moja. Palikuwa na bibi mwenye homa na jiko baridi.

Akashika ule mlango, akautikisa mpaka komeo likang'oka na msumari wake. Nikamwona amesimama mlangoni na godoro bado kichwani.

"Usiingie," nikamwambia. "Inaweza kuwa korona. Mutoto yako..."

"Nyamaza," akasema. "Tangu asubuhi nimekufa mara mbili sababu yako. Ya tatu hainiogopeshi."

Akashusha godoro, akalitandika pale pale mlangoni, akafunga kipande cha kikwembe puani, akanivuta kwapani mpaka juu yake. Akanipa maji. Alikuwa ananinywesha na kunigombeza kwa wakati mmoja. Kisha akatoka nje akaita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hata sokoni:

"Murudi! Vita hakuna! Muzee iko na homa!"

Watu wakaanza kurudi, kwanza mmoja, kisha wote. Nilisikia mzee mmoja jirani akisema, "Homa? Homa ndiyo imenikimbiza na mbuzi?" Mwingine akasema, "Mimi niliacha bugali ku sahani, sasa kuku wamekula." Mmoja akamwuliza Mama Mapenzi kwa dharau, "Na ile godoro ulibeba, ilikuwa unaenda kuuza?" Akamjibu, "Weye ulinipita unakimbia na kiatu moja. Nenda kwanza utafute ingine." Walicheka, ndugu zangu, lakini kilikuwa kicheko cha watu ambao mizigo yao bado iko vichwani. Mama mmoja alikaa chini barabarani, akalia kwa muda, hakuna aliyemwuliza sababu. Sote tulikuwa tunaijua.

Mume wa Mama Mapenzi akaja na pikipiki. Wakaniweka katikati, yeye mbele, mke wake nyuma akinishika kiunoni kama mtoto, wakanipeleka kituo cha afya. Mganga wa pale, mwanamke kijana mwenye barakoa mbili, alinipima akasema nina malaria na kifua kimeshikwa vibaya. Alichukua kipimo cha korona pia, lakini jibu lake halikurudi, na mpaka leo sijui. Akamwambia Mama Mapenzi mbele yangu, "Kama mungengoja mpaka kesho, mungeniletea maiti." Mama Mapenzi akaniangalia. Akalivuta shuka langu mpaka kidevuni.

Nilipewa dawa na sindano, nikalala pale mpaka homa ikashuka. Noeli ilipofika nilikuwa nimerudi nyumbani, mwembamba kama ufito, nimekatazwa kukaa karibu na watu. Ilikuwa Noeli ya kimya. Hakukuwa na lori, hakukuwa na wajukuu, na kwaya haikupita kwenye avenyi kama desturi. Nilikaa mlangoni juu ya mkeka, barakoa usoni. Mama Mapenzi alikuwa ametoa matete machache katikati ya ua wetu ili aweze kuniona akiwa jikoni kwake. Aliniwekea wali na sombe, majani ya muhogo, juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo nikasogea kuchukua. Watoto wake wakasimama upande wao wa ua wakaniimbia nyimbo za Noeli, yule wa pumu akiimba kwa nguvu kuliko wote na kukosea maneno. Nilikuwa ninaitikia ndani ya barakoa. Ndugu zangu, nimesherehekea Noeli nyingi zenye kelele. Ile ilikuwa na watu wachache na nilimwona Mungu ameketi karibu.

Mama Mapenzi alikuwa ameichajisha simu yangu dukani, na Furaha alipopiga siku ile, aliniomba niiweke juu ya kigoda kwa sauti kubwa, akamweleza yote kutoka mbali, bila kupunguza chochote. Binti yangu alilia. Kisha nikasikia wanapanga kati yao jinsi ya kunichunga, kama vile mimi ni mbuzi na sipo. Wamekuwa marafiki tangu hapo. Wananisema kwa simu.

Jambo moja lilinishangaza. Katika zile wiki nilipokuwa bado dhaifu, kila asubuhi Mama Mapenzi alikuja na kigae chake, lakini sasa kilikuwa na makaa kutoka kwake. Aliwasha jiko langu hata siku ambazo hakuna cha kupika. Nikamwuliza, "Ya nini unaunguza kuni bure?"

Akajibu, "Ili batu wa avenyi walale."

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Mimi nilikuwa nimefundisha Neno kwa miaka mingi, lakini nilidhani uzima wangu ni shauri langu na Mungu wangu. Kumbe avenyi nzima ilikuwa inaangalia kama nipo. Wa kabila langu na wa kabila lile lingine, wote walikuwa wanainua macho asubuhi kutafuta moshi wa mzee mmoja ili wajue kwamba leo wanaweza kuwapeleka watoto kuchota maji. Nami nikadhani hakuna atakayejua nikifa.

Mungu angeweza kunitumia malaika. Alinitumia mwanamke mwenye hasira na godoro kichwani. Na ninawaambia, ndugu zangu, hata ile hasira ilitoka kwa Bwana. Asingekuwa ananipenda, asingerudi kunitukana. Mtu usiyempenda akikuacha, unakwenda zako tu. Alirudi kwa sababu ilimuuma, na kwa ule uchungu Bwana akafungua mlango ambao mimi nilikuwa nimeufunga.

Siwaambii kwamba vita vimekwisha. Mnaona wenyewe turubai zilizoko nje. Kati yenu kuna waliofika juzi, na siwezi kusimama hapa nikawaambia kwamba maumivu yenu ni madogo. Mimi pia kuna watu wangu waliobaki vilimani ambao sikuwazika. Sijui kwa nini mimi niliinuliwa kutoka sakafuni na wengine hawakuinuliwa. Nimemwuliza Bwana, na bado ninamwuliza, bila haraka. Ninachojua ni hiki: nilipofika mwisho na kukosa hata maneno ya kuombea, Yeye hakungoja nipate maneno. Alikuwa tayari njiani.

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru Mama Mapenzi, ambaye leo yuko kanisani kwao upande wa pili wa barabara, na ambaye alinikataza kumtaja, nami nimemtaja. Ninaushukuru ule mkono wa mume wake uliokataa kupokea kitu kwa safari ya pikipiki.

Na wewe unayenisikiliza, uliyefunga mlango wako, kwa ugonjwa, kwa huzuni, kwa aibu, au kwa kudhani kwamba unawahurumia wengine usipowasumbua: mtegemee Bwana, lakini umwambie na jirani. Hata kama ni jirani yule. Baada ya ibada nitakaa kwenye benchi lile la pembeni. Usipoweza kuniambia hapa mbele ya watu, nionyeshe tu nyumba yako iko wapi. Nitakuja. Ninatembea polepole, lakini nitafika.

Niishie hapo, maana ninamwona Furaha ananipungia mkono. Njia ilifunguka, na wiki hii walifika wote kutoka Tchomia, ndiyo sababu nilimwomba Mchungaji nafasi ya leo. Yule mtoto mnayemsikia akilia kule nyuma ni mwenye jina langu. Tangu wafike hakubali nimbebe. Nikimsogelea anajificha shingoni mwa mama yake, ananichungulia kwa jicho moja kama askari wa kizuizi cha barabarani. Furaha anaona haya, anataka kunipa kwa nguvu. Nimemwambia amwache. Hanijui bado, na mimi sina haraka. Bwana amenipa siku za kuzoeana naye.

Amina.